Makonyo

Koti langu halirudi nyumbani.
Linalala mgongoni mwa kiti, ghorofa ya tatu, Kinazini,
ili apitaye usiku aseme,
"Shaame bado yupo. Katoka kidogo tu."

Mlangoni pana mashine inayokula vidole.
Naipa cha shahada, saa mbili kasoro dakika tano,
inanishukuru kwa sauti ya mwanamke
asiyewahi kuchelewa popote.

Jumatatu ile, saa tatu na dakika kumi,
nilifungua mkataba wa bima ya shehena.
Ukurasa wa arubaini na moja nikaiona nukta
imekaa pasipo pake.
Nukta tu, ndogo kuliko kichwa cha sisimizi.
Nikaisogeza tarakimu mbili,
nikampigia Mbarouk wa mikataba.
Akanyamaza, akashusha pumzi.
"Wallahi, huu ungetuzika."
Dakika kumi na moja, pamoja na salamu.

Kisha siku ikabaki nzima mbele yangu
kama sahani ya harusini kwa mtu aliyekwisha kushiba.

Nikaila. Nifanyeje?
Nilihudhuria kikao cha kupanga kikao.
Nilibadili rangi ya jedwali, ikawa samawati,
nikairudisha ilivyokuwa.
Kila dakika nne nilikigusa kipanya
kile kidoto cha kijani kisije kikazimika
Dar wakadhani nimekufa.
Saa kumi na moja na nusu nikatoka nimechoka,
nimechoka kweli, mabega yananiuma,
kwa kazi ya kutofanya kazi bila kuonekana.

Mwisho wa mwezi fomu ikaja.
Saa mia mbili na kumi na mbili. Juhudi: nzuri sana.
Nikaitafuta ile nukta, juu, chini, nyuma ya karatasi.
Haikuwekewa kisanduku.

Mize, anayefagia ghorofa yetu,
humaliza saa moja na nusu asubuhi.
Vigae vinang'aa, mapipa matupu.
Lakini mkataba wake unasema saa tisa,
basi huvifagia tena vilivyo safi.
Tukikutana kwenye ngazi tunaamkiana
kama wezi wa shamba moja;
ila mshahara wake haufiki bei ya kiti changu.

Mama yangu, kule Mtambwe, alichambua karafuu za watu.
Jioni msimamizi alikuja na pishi.
Pishi haikumuuliza aliamka saa ngapi.
Ilijazwa, ikapigwa mkono juu, ikamwagwa: moja.
Makonyo yalibaki kando, lundo, hayana hesabu.

Nikasema, hii ndiyo haki.
Karafuu ni ile nukta,
saa zangu zote ni makonyo.
Nilikaribia kuyaandika hayo kwenye fomu.

Lakini naukumbuka mwaka wa homa,
alipochambua kutwa kwa vidole vinavyotetemeka
akarudi na nusu pishi,
tukala muhogo mkavu, naye akasema ameshiba.
Hilo pia pishi haikumuuliza.

Na makonyo yenyewe, nisiyasingizie:
huko Wawi hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta.
Zangu ukizikamua
hutoka harufu ya kiyoyozi.

Ananipigia simu karibu na magharibi.
Dawa zimefika, asema, na bati jipya halivuji.
Natoka kwenye ngazi nimsikie vizuri.
Kazi yangu hajaielewa, wala sijaweza kumweleza,
basi huniuliza kwa kipimo chake:
"Leo kuchuma pishi ngapi?"
"Tatu, mama."
"Za kufura?"
"Za kufura."
Anacheka, ananiombea Mungu anizidishie.
Sijaitikia amina.
Ndani, nyuma ya kioo, taa zinawaka,
na koti limekaa wima kitini,
linaendelea na kazi.